Ubao wa Miguuni mwa Kabati

Jikoni kwa mama yangu, Al Khoudh, sakafu ina joto. Sisemi joto la jua, maana hilo kila nyumba ya Maskati inalo bila kuliomba. Nasema joto lililotandikwa kwa makusudi chini ya vigae: nyaya nyembamba zilizoshonwa kwenye wavu, zikafunikwa kwa saruji, zikaunganishwa na kidude cha ukutani chenye namba nyekundu. Juu kiyoyozi kinapuliza baridi, chini nyaya zinapasha nyayo. Kaka yangu alipoliona jambo hili mara ya kwanza alisema tumewasha tanuri ndani ya friji. Mpaka leo huwasimulia wenzake ofisini, ila husema ni nyumba ya jirani.

Sababu ilikuwapo, na ilikuwa nzuri. Mama yetu hupika akiwa amekaa chini. Ana meza, ana viti, ana jiko la kusimamia, lakini kazi yenyewe ya kukuna nazi, kuchambua mchele na kumenya vitunguu huifanya juu ya mbuzi au juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kama alivyofundishwa Unguja na mama yake. Miaka yote alikuwa akipika jiko la nje, uani. Magoti yalipoanza kumsumbua na jua la uani likamshinda, akahamia jiko la ndani, ambalo mpaka hapo lilikuwa la chai ya wageni na la kuonyeshwa tu. Humo ndani kiyoyozi kinanguruma mchana kutwa, na vigae vinapoa hadi vinauma. Akikaa kukuna nazi mbili, kumwinua ni kazi ya watu wawili.

Dada yangu mkubwa anaishi Ulaya ya kaskazini, kwenye nchi ambazo sakafu ya namna hii si jambo la kushangaza mtu. Alipokuja likizo akamwona mama anavyoinuliwa, akageuza uso, na jioni yake akaagiza nyaya. Kaka, ambaye ni mtoto pekee wa kiume na ndiye msemaji wa familia, alipinga wiki nzima. Mimi ni mtoto wa mwisho. Kazi yangu ni kuandaa habari za redio, na nyumbani nimezoea kukaa pembeni nikisikiliza.

Nyaya zikatandikwa, vigae vikalazwa, kisha akaja fundi wa makabati. Alikuwa Mhindi mwenye karakana Ruwi, mtu mpole, amekaa Oman muda mrefu na Kiarabu chake ni kile cha kazini, kifupi na cha haraka. Makabati ya siku hizi hayakai chini. Yanasimama juu ya vijiguu vya plastiki, kimo cha kiganja hivi, na mbele ya vijiguu hupachikwa ubao mrefu mwembamba ili ule uwazi usionekane. Fundi alikuwa na neno lake kwa ubao huo, dada yangu na lake. Msichana anayemsaidia mama kazi za nyumbani, anayetoka Morogoro, aliuita sketi. Mama aliuita ubao wa miguuni, na nyumbani kwetu jina analotoa mama ndilo linalobaki.

Dada alikuwa ameacha maagizo mawili kabla ya kurudi Ulaya. La kwanza, nyaya zisipite chini ya makabati, kwa sababu joto lililofunikwa halina pa kwenda. La pili, ule ubao wa miguuni uwe na matundu, hewa ipite. Yote mawili aliyasema mbele yetu sote, na sote tukaitikia.

Agizo la kwanza lilivunjika bila mtu kuona kuwa limevunjika. Nyaya zilitandikwa sawasawa katikati ya jiko na kwenye pembe ya mlango wa uani, ambapo mama hukaa ili amwone kila anayeingia na kutoka. Makabati yakapangwa ukutani, mbali nazo. Lakini mama alipokaa kujaribu pahala pake, akanyoosha mkono na haukufika popote. Akataka kabati moja la nyongeza, dogo, liwe hapo kiwikoni pake. Fundi akalitengeneza na kuliweka. Hakuna aliyekumbuka kwamba hapo chini ndipo palipo na joto kuliko kwingine kote.

Agizo la pili nililishuhudia likivunjwa. Fundi alikuja na ubao wenye wavu wa chuma katikati. Mama akauangalia, akamwambia msichana alete ndoo ya maji. Kwetu jiko halipanguswi, linaoshwa. Maji yanamwagwa, sabuni inatiwa, halafu yanasukumwa kwa mpira mpaka uani. Msichana akamwaga. Maji yakapita kwenye wavu yakaingia chini ya makabati, yakatokea upande wa pili na kumkuta fundi amepiga magoti. Akainuka, suruali imelowa mpaka mapajani, akaeleza kwa adabu kwamba hewa ni lazima ipite, Hajiya.

"Na mende nao ni lazima wapite?" mama akamuuliza.

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama kaka, aliyekuwa mlangoni na simu sikioni. Kaka akasema fanyeni anavyotaka mama. Basi zikapachikwa mbao nzima, zisizo na tundu, na chini, juu na pembeni zikapigwa silikoni nyeupe, mstari ulionyooka kama wa rula. Msichana akamwaga ndoo nyingine. Halikupita hata tone. Mama akafurahi, akamfungia fundi chakula aende nacho.

Kilichofuata ndicho kilichotuchanganya kwa muda mrefu.

Mama hupika vitumbua kila Ijumaa. Mchele unalowekwa Alkhamisi, na alfajiri baada ya swala anausaga kwa tui, anatia hamira, sukari na hiliki, kisha anauacha uumuke. Wanaume wakirudi kutoka msikitini adhuhuri vitumbua viko mezani. Jumamosi hupika vingine vya mashoga zake wanaokuja kumtazama. Hii ni saa yake. Hapimi kwa kijiko wala kikombe, hupima kwa kiganja, na sijapata kuona kiganja hicho kikikosea.

Ijumaa moja, muda si mrefu baada ya makabati, tukafika na kumkuta amekaa majlis ya wageni, hajavaa hata nguo ya Ijumaa. Unga ulikuwa umefurika na kumwagika, na uliobaki ulikuwa umechacha, unanuka kama togwa. Alisema labda alizidisha hamira. Hakuna aliyejali, tukala halua.

Jumamosi yake akapunguza hamira. Unga haukuumuka. Mashoga zake walipewa vitumbua vilivyolala kama chapati ndogo, wakavisifu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, na mama si mtu wa kudanganywa kwa sifa. Ijumaa iliyofuata, kwa hamira ileile kidogo, unga ukafurika tena. Jumamosi ukalala tena. Samli aliyoifungia kopo ikiwa imeganda akaikuta maji. Tende alizozipanga vizuri kwenye sahani ya bati zikawa zimelegea na kutoa asali yake yote.

Mama kwanza alimshuku msichana. Alisema kuna mtu anaongeza hamira nyuma ya mgongo wake. Msichana alivumilia siku kadhaa, halafu akanijia uani ninapoegesha gari.

"Dada, mimi nimechoka kuitwa jini wa hamira. Unga wa Bibi sijui hata anauweka wapi. Nitaongezaje kitu nisichokijua kilipo?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba yeye hacheki. Na alikuwa amesema jambo la kweli ambalo nililipita bila kuliangalia. Hakuna aliyejua.

Kwetu, unga wa vitumbua ukishatiwa hamira haulali wazi. Unafunikwa kawa, unafichwa mahali penye kiza, na mtu haulizi umefichwa wapi. Mama aliambiwa na mama yake kwamba unga unaoumuka una haya kama mwari, macho yakiuangukia unajikunja. Hauwekwi friji, hauonyeshwi mgeni, haupigiwi hesabu. Tulipokuwa wadogo, saa hiyo ikifika, tulitumwa nje kwa sababu yoyote ile: kamwangalie kuku, kamwambie jirani nimemsalimu. Tulikuwa tunajua na tunakwenda. Nimekula vitumbua vya mama yangu maisha yangu yote na sijawahi kuuona unga wake ukiwa umelala. Naishi kwa kuuliza maswali, na hili sikuwahi kuliuliza.

Nikaanza kuangalia. Nilikuwa nikipita kwake baada ya kazi, nakunywa chai na kutazama. Hapakuwa na cha kutazama. Hamira ilikuwa mpya. Maji yaleyale. Mchele uleule. Nilimpigia dada yangu, akasema pengine ni hewa ya jiko la ndani. Hewa gani inayozidisha unga Ijumaa na kuupunguza Jumamosi? Kila nilipodhani nimeshika ncha ya jambo hili, siku ya pili inakuja na kuninyang'anya.

Baadaye mama akaacha kumshuku msichana, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Tulikuwa wawili tu jikoni. Alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa:

"Nnasahau, mwanangu. Nnatia mara mbili, halafu siku nyengine sitii kabisa. Hapana mtu. Ni mie."

Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayetaja bei ya samaki. Mama yake yeye, bibi yetu, alimaliza miaka yake ya mwisho hamjui hata mtoto wake aliyekuwa akimlisha. Mama ndiye aliyekuwa akimlisha.

Kaka alikuwa ameshafika huko huko kwa njia yake. Akatuita kwenye simu, sote watatu. Alisema mtu anayesahau hamira atasahau gesi. Alisema mtungi utoke, jiko la ndani libaki na kidude cha kuchemshia maji, chakula kiwe kinatoka kwake kila siku, na mama apelekwe kwa daktari wa mambo ya kumbukumbu. Alikuwa ameshapata miadi, Jumanne. Dada akalia kule aliko. Mimi nikasema tungoje kidogo. Kaka akaniuliza tungoje nini. Hakuwa mkatili. Alikuwa na woga, na kwake woga hugeuka mipango.

Mama alipoambiwa hakubisha. Aliomba jambo moja tu.

"Nipeni Ijumaa hii. Vikitoka vibaya, chukueni mtungi wenu."

Kaka akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa na hakika ya matokeo, na mama naye nadhani aliomba akiwa na hakika hiyohiyo.

Alkhamisi nikaenda kulala kwake. Nilijiambia nitatazama kila kitu kwa mpangilio, kama ninavyotazama kazini. Alfajiri, baada ya swala, mashine ya kusagia ikanguruma. Nikaingia jikoni. Mama alikuwa amesimama kwenye meza, sufuria mbele yake, kopo la hamira mkononi. Akanitazama.

"Nenda kafungue mlango wa uani, upepo uingie."

Upepo wa nini, na kiyoyozi kinafanya kazi? Lakini miguu yangu ilikuwa imeshatii kabla akili haijauliza. Nikaenda, nikafungua, nikahesabu nyufa za ukuta. Niliporudi meza ilikuwa tupu na mama anajifuta mikono.

Msichana akaosha jiko, akasukuma maji, akaenda kuanika nguo. Mama akakaa kwenye mbuzi wake kukuna nazi ya mchuzi wa mchana. Mimi kwa kawaida huvuta kiti. Siku hiyo nikakaa chini kando yake, mgongo kwenye lile kabati dogo la pembeni, kwa sababu tu sikutaka amalize Ijumaa yake akiwa ametazamwa kutoka juu.

Vigae vilikuwa na uvuguvugu mzuri. Nikaelewa kwa nini mama anaipenda sakafu hii na kwa nini kaka, asiyewahi kuikalia, haipendi. Tulizungumza mambo ya ovyo: harusi ya mtoto wa jirani, mtu wa Yiti anayemletea samaki na anavyoapa kila mara kwamba ni wa leo. Katikati ya maneno nikaona kitambaa cha kupangusia, kile kizito cha sakafu, kimewekwa chini kwenye pembe, kimeegemezwa kwenye ubao wa miguuni. Vitambaa vingine msichana huvianika uani. Nikakigusa. Muda mfupi tu uliopita kilikuwa kinachuruzika. Sasa kilikuwa kikavu na cha moto.

Nikaugusa ubao wenyewe. Kigae kilikuwa vuguvugu, lakini ubao ulikuwa wa moto kuliko kigae. Hilo halikuniingia akilini. Moto uko chini, ubao uko juu yake, iweje wa juu uushinde wa chini? Nikapeleka mkono kwenye ubao wa makabati ya ukutani. Baridi. Nikarudi kwenye huu. Moto. Mama akaniuliza natafuta nini sakafuni kama kuku.

"Mama, unga umelala wapi?"

Mkono wake ukasimama kwenye mbuzi. "Tangu lini unga ukaulizwa?"

"Tangu leo."

"Anayeuliza ndo mwenye jicho."

"Basi mie nna jicho. N'ambie, Mama."

Nazi ilibaki mkononi, nusu imekunwa. Niliona kwamba si ushirikina uliomzuia. Alikuwa anaogopa kufungua na kukuta kile alichokuwa akikikuta kila Ijumaa, safari hii mbele ya mtu. Kisha, bila kuinuka, akanyoosha mkono na kulifungua lile kabati dogo kiwikoni pake, lile nililokuwa nimeliegemea.

Kawa lilikuwa limenyanyuka na kukaa upande kama kofia ya mlevi. Unga ulikuwa umefika ukingoni mwa sufuria, unapumua, bado haujamwagika. Nazi ya kwanza ilikuwa haijaisha kukunwa.

Mama akautazama. "Sikutia mara mbili," akasema taratibu. "Leo nimeshika hesabu. Nimetia mara moja. Umeniona?"

"Sikukuona. Ulinifukuza."

"Ndivyo." Akaweka nazi chini. "Basi hata leo sina shahidi."

Nikatia mkono kabatini. Hewa ya humo ilikuwa kama ya gari lililofungwa vioo mchana wa Juni. Sufuria ilikuwa na joto kitakoni. Nyuma yake kulikuwa na kopo la samli, maji matupu, na sahani ya tende. Nikamwambia Mama tia mkono. Akatia. Akautoa, akautazama mkono wenyewe, akautia tena.

"Hapa pana moto," akasema. "Nani katia moto?"

Nilichukua kisu cha kumenyea nikaanza kukata silikoni ya chini ya kabati lile. Fundi alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno, ilinitoa jasho. Mwisho ubao ukalegea, nikauvuta, ukatoka ukiwa umepinda kidogo kwa joto. Kutoka gizani mle chini ikatoka pumzi ya moto ikatupiga miguuni, mimi na mama, sote tukarudi nyuma. Msichana akaja mbio kutoka uani akidhani tumejimwagia maji.

Tulikaa pale watatu tukilitazama tundu. Nikawaeleza kwa kadiri nilivyoelewa: nyaya ziko hapa chini, kabati limezikalia, ubao umezungushiwa silikoni, joto halina mlango isipokuwa juu, kwenye kabati, kwenye unga. Niliyasema polepole, na nikasikia kwamba nasema maneno ya dada yangu, yaleyale tuliyoitikia sote. Msichana alisema yeye kitambaa hukianika hapo kwa sababu kinakauka upesi, alidhani sote tunajua pana moto.

"Na Jumamosi?" mama akauliza. "Jumamosi moto huenda wapi?"

Nikasema sijui. Akanitazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyejibu nusu ya swali. Kisha akasema unga hautungoji, akaomba ainuliwe, tukamwinua, akabandika kaango.

Vitumbua vilitoka mapema, wanaume hawajaenda hata msikitini. Vilikuwa vyepesi, vya rangi ya asali pande zote mbili, vyenye vile vitundu vidogo ambavyo havipatikani kwa bahati. Kaka akaja, akavua viatu, akala kimoja akiwa amesimama, akala cha pili akiwa amekaa. Nikamsimulia. Akasikiliza, akaenda kutazama tundu, akarudi akala cha tatu. Alisema hayo yanaeleza Ijumaa moja. Hayaelezi miezi, na hayaelezi kwa nini Jumamosi unga hauumuki. Miadi ya daktari ipo palepale. Hakuwa amekosea. Ndilo swali nililokuwa nalo mimi.

Alipokuwa anaondoka nikamsindikiza. Pale mlango wa jiko, ambapo hupita kwenda kuchukua viatu vyake, akanyoosha kidole bila hata kutazama, akabonyeza kidude cha ukutani. Namba nyekundu zikazimika.

"Unafanya nini?"

"Nazima. Kila Ijumaa nikitoka nazima. Umeme wa kupasha sakafu, Maskati hii, jamani."

"Mama anajua?"

"Mama huwasha mwenyewe akisikia baridi. Jumapili hivi. Kwani ni dhambi?"

Hakujua amesema nini. Nilimwona akielewa kidogo kidogo, kidole bado kimeelekezwa ukutani. Mama alikuwa nyuma yetu, ameshika fremu ya mlango, na alikuwa amesikia yote. Nilidhani atamkaripia. Aliangalia tu kile kidude, halafu akamwangalia mtoto wake wa kiume, mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu.

"Kumbe weye ndo Jumamosi yangu," akasema.

Kaka akakaa kwenye kile kiti cha kuvalia viatu, na hakuvaa viatu kwa muda mrefu.

Fundi alirudi na wavu wake wa chuma. Alikuwa na adabu ya kutosema kwamba alisema. Mama alimpa chai, akaukataa wavu tena, safari hii kwa sababu nyingine. Alitaka kabati lile dogo libaki bila ubao kabisa. Pale chini, kwenye miguu ya plastiki, akamwingiza mbuzi wake, ambaye tangu makabati yaje alikuwa hana pa kukaa na kila mtu akimkwaa. Mbuzi anaingia kwa kipimo kabisa, na hewa inapita. Mende, amesema, atapambana nao yeye na Mungu wake. Kaka hazimi tena. Namba nyekundu sasa anazipita akiwa amefumbata mikono mgongoni.

Kwa daktari tulikwenda hata hivyo, Jumanne ileile. Mama ndiye aliyetaka. Alisema anataka kuambiwa na mtu ambaye hajala vitumbua vyake. Daktari alimuuliza siku, mwezi, majina ya watoto, akampa maneno ya kukumbuka. Mawili yakampotea. Daktari alisema kwa umri wake si jambo la kutisha, arudi baada ya muda aonekane tena. Mtungi wa gesi uko pale ulipokuwa.

Ningependa kuandika kwamba sakafu ilieleza kila kitu. Imeeleza unga, samli, tende, Ijumaa na Jumamosi. Haikueleza kwa nini siku moja katika miezi ile alinitilia chumvi kwenye chai na kunitazama nikiinywa, wala kwa nini aliniita mara mbili kwa jina la dada yake aliyebaki Unguja. Labda alikuwa na mawazo, baada ya kuambiwa na unga wake mwenyewe kwamba amepoteza akili. Labda si hivyo. Nimezoea kumaliza habari nikiwa na jibu mkononi, na hii naimaliza nusu.

Ijumaa iliyopita nilifika mapema. Mashine ilikuwa imenyamaza na mama alikuwa mezani na sufuria. Nikasema safari hii nibaki, niwe shahidi, wasije wakamsumbua tena. Akafikiri. Akanionyesha hamira kwenye kiganja, akaitia mbele yangu, mara moja, akanitazama kuhakikisha nimeona.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Haya. Sasa nenda kafungue mlango wa uani."

Nikaenda. Niliporudi nililifungua lile kabati dogo alipokuwa amegeuka. Kulikuwa na sahani ya tende tu, ngumu na nzuri. Sijui unga ulikuwa umelala wapi. Saa ya swala ilipokwisha ulikuwa umeumuka sawasawa.